Mshika Breki na Milima ya Barafu

Mume wangu Kasiani alishika breki miaka sita. Treni yenyewe ni ile ya bustani ya michezo, inayopanda na kuporomoka, na ya kazini kwake ilikuwa ya mbao, ya kizamani, haina breki relini. Mtu alisimama kati ya mabehewa akavuta wenzo kwa mikono kila mteremko, huku abiria wakipiga mayowe ya raha. Jioni akifika kwetu Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, bega limevimba, mimi namkanda kwa maji moto. Na hakuja Stockholm kwa hilo. Alikuja kusomea mitambo. Ufadhili ukakatwa, breki ikabaki.

Bustani ya michezo ilifungwa kila majira ya baridi, naye alishinda maktaba. Seminari ya Bukoba ilikuwa imempa Kifaransa, basi akachimba treni hizo zilikotoka. Alinisimulia mpaka nikachoka: Warusi wa zamani walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yagande, wakateleza na sleji, vigari visivyo na magurudumu, hadi chini. Wafaransa wakaiga, na mwaka 1817 pale Paris wakatia magurudumu yaliyobanwa relini yasichomoke. Wamarekani walikuja baadaye kabisa, wakajifanya ndio waliozibuni.

“Mama Adelina, watu hawa hawajui wamepanda nini,” aliniambia.

Mwaka 1974 bustani ikaandaa sherehe ya treni ile, na bosi, Lennart, akawa anatafuta historia. Kasiani akampelekea kurasa arobaini alizozipiga taipu mwenyewe. Nikamuuliza, jina lako liko wapi? Akacheka. Kwetu Bukoba mdogo akiandika barua ya ukoo hajiweki jina. Mkubwa huisoma mbele ya watu, akimaliza humtaja aliyeiandika.

“Atanitaja,” akasema. “Hilo tu ndilo ninalolitaka.”

Nami nimelelewa hivyo hivyo, nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu, maana Lennart alilelewa wapi na wazee wetu? Nilikwenda mjini nikamnunulia mume wangu tai.

Siku ikafika. Lennart alisimama jukwaani akasoma kurasa zile neno kwa neno, akakunja karatasi, akashukuru wageni. Kasiani hakutajwa. Alikuwa ameshasimama kwenye breki kusubiri safari ya kwanza, tai imechungulia kwenye ovaroli. Nilikuwa karibu, nikaona uso wake ukizima.

Mwandishi mmoja wa gazeti akauliza kwa nini Wafaransa walitia magurudumu. Bosi akababaika, kisha akageukia treni.

“Kasiani, wewe unajua hili?”

Watu wote wakamtazama. Sema, Baba Adelina, niliomba kimoyomoyo, sema sasa. Jibu alikuwa nalo, hata mimi nilikuwa nalo: Paris barafu haikai.

“Mimi nashika breki tu,” alijibu kwa Kiswidi.

Lennart akasema Wafaransa wanapenda mbio, basi. Watu wakacheka, wakapiga makofi, treni ikaondoka na mume wangu.

Tulipofika nyumbani nilimwakia. Nilimwambia ameniaibisha, miaka yote ile ya vitabu, mlango umefunguliwa mbele ya watu, naye anaurudisha kwa mkono wake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, huku akivua tai polepole.

“Ningejibu, Mama Adelina, wangempongeza Lennart kwa kuwa na mshika breki anayejua kusoma.”