Sauti Iliyokaa Kati ya Vibao Viwili

Wateja wake walimwita Fundi Masikio, na jina hilo hakulipata bure. Kazi yake ilikuwa kurekebisha piano za makanisa, za shule na za wenye uwezo, na akiingia chumbani hajamaliza hata salamu, ameshasikia waya uliolegea. Mkewe alisema kuishi na mtu wa namna hiyo ni adhabu: ukifunga kabati, anakuambia bawaba inalia chini kidogo kuliko inavyotakiwa.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye piano za watu. Ulikuwa kwenye wimbo mmoja wa kubembelezea watoto, alioimbiwa na mama yake, naye mama aliupata kwa bibi yake. Fundi alitaka kuutia kwenye jazi, na chini yake aweke zile sauti za kukwaruzana za watunzi wa kisasa wa orkestra, aliowajua kwa kusikiliza santuri hadi zikachakaa. Akamrekodi mama kwenye kaseti, akampelekea mpuliza saksafoni mmoja mgumu wa kusifu. Yule bwana akasikiliza mara mbili, akasema yumo.

Mazoezi yalifanyika sebuleni kwa mama, kwenye piano kuukuu. Tatizo lilikuwa sauti moja tu. Kila mama alipofika mstari wa tatu, sauti yake ilikwenda kukaa kati ya kibao cheupe na cheusi, mahali ambapo piano haina kitu. Fundi alikunja uso. Mtu aliyeishi kwa kunyoosha sauti zilizopinda, ulitegemea afanye nini? Akamnyoosha mama yake. Miaka miwili, kila Jumamosi, alibonyeza kibao kilekile, na mama akarudia, akakosea, akaomba radhi, akarudia tena. Siku alipopatia, Fundi alifurahi mno, akarekodi juu ya kaseti ileile, rekodi ya kwanza ikafutika. Ya nini kutunza makosa?

Wakapiga mbele ya watu, wakashangiliwa. Wakati wa kufungasha vyombo, mpuliza saksafoni akamvuta Fundi kando.

“Ile sauti ya kwanza, iliyokaa pembeni, ndiyo iliyonileta kwako,” alisema. “Umeipeleka wapi?”

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alipofika nyumbani akaisikiliza kaseti, akasikia piano mbili, moja ya mbao na nyingine mama yake. Mtoto gani angelala hapo?

Akaanza kuitafuta ile sauti ya kwanza. Alilegeza waya mmoja wa piano kidogo kidogo, kutwa nzima, asiipate. Masikio yaliyosifiwa kote hayakuikumbuka, maana siku zote yalisikia kosa tu. Mama mdogo, aliyeujua wimbo ule, alikwishafariki. Akamwendea dada yake. Dada alifikiri sana, akasema ameusikia mara elfu, ila kila mara alikuwa anasinzia. Wangeweza kucheka, lakini Fundi aliinama akalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zake.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mama barazani anachambua mboga. Akaketi chini, miguuni pake, akamwomba aimbe kama zamani, kabla ya piano kuingia nyumba ile. Mama akafuta mikono, akafumba macho, akaimba. Mstari wa tatu ulipokaribia, Fundi alizuia pumzi. Mama alisita kidogo, akainua kidevu, na sauti ikatua palepale penye kibao, imenyooka kama piano. Akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa furaha.

“Leo sijakosea, sivyo, mwanangu?”

Fundi aliokota jani la mboga lililoanguka, akalirudisha kwenye sinia.

“Hujakosea, mama.”

Mama akavuta sinia lake karibu, akaendelea kuchambua mboga huku akiuimba wimbo chinichini, mara ya pili, mara ya tatu, bila kukosea hata mara moja.