Tisa na Farasi Aliyerudi

Pale kwenye shamba la farasi wa mbio hakuna aliyemwita mtunza banda kwa jina lake. Alikuwa Tisa, kwa sababu ya vidole. Cha kumi kilibaki mdomoni mwa dume wa kahawia, bingwa wa shamba, na tangu siku hiyo dume yule alivishwa kifunga mdomo cha ngozi mpaka alipokufa.

Alipokufa, Tisa alifagia banda akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Hakujua kwamba daktari wa mifugo alikuwa amekata kipande cha ngozi ya shingo ya dume yule akakihifadhi kwenye barafu. Miaka mitatu baadaye, jike wa kukokota mkokoteni akazaa mtoto wa kahawia mwenye baka jeupe pajini, palepale alipokuwa nalo yule dume.

"Si mwana wa yule dume," daktari akaeleza. "Tumemtengeneza kutokana na ngozi yake. Ni kama pacha wake, ila kachelewa kuzaliwa."

Tangu hapo Tisa hakutulia. Maji alimpa mtoto yule kwa kusukuma ndoo kwa mguu chini ya ubao. Nyumbani alikaa, akainuka, akachungulia dirishani, akakaa tena. Mkewe, fundi cherehani, akamtazama juu ya miwani.

"Baba, kama kiti kina miiba sema nikuwekee mto."

"Ananitazama vilevile, mama watoto. Macho yaleyale."

"Ana miezi saba. Anakutazama kwa sababu umeshika ndoo."

Asubuhi moja bosi, mama mwenye shamba, akaja bandani na kile kifunga mdomo cha zamani, kimepakwa mafuta upya. "Mvishe mapema azoee. Wewe unamjua kuliko sisi sote."

Tisa akakipokea. Akazunguka nacho ua mara mbili, akaenda bombani kunawa mikono isiyo na uchafu, akarudi. Yule mtoto akatoa kichwa, akaunusa ukanda, akaanza kuulamba. Tisa akageuka, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mama, hiki simvishi."

"Unaogopa? Nitamwita mwingine."

"Kuogopa naogopa, lakini si hilo." Hakujua aweke wapi mikono. "Siku ile ya kidole nilikuwa nampiga yule dume. Kwa kamba, puani, tena na tena. Aligoma kutoka, na mimi nimechelewa. Halafu nikawaambia amenivamia tu."

Bosi akaweka kalamu chini. "Miaka sita nilimfunga mdomo yule dume. Kila nikipita nilimwita mwehu."

Tisa alisubiri kufukuzwa, na kufukuzwa kungekuwa nafuu.

"Utamfundisha wewe," bosi akasema. "Akiharibika, safari hii nitajua wa kumuuliza."

Alipomweleza mkewe, cherehani ilinyamaza. "Hata mimi ulinidanganya," akasema, na kwa wiki nzima maongezi yao hayakuzidi nipe chumvi, shika chumvi.

Siku ya kwanza alipoingia bandani, mtoto wa farasi alimdaka mkono wa shati kwa meno. Tisa akaganda. Hakuinua mkono. Farasi akachoka na kitambaa, akaachia, akarudia nyasi zake. Kamba ya kumwongozea alifanikiwa kumvisha kichwani kwa jaribio la tatu.

Sasa humtembeza kila asubuhi. Hutembea upandeupande kama kaa, jicho kwenye yale meno, na wapitao huuliza nani anamfundisha mwenzake. Wafanyakazi wakikaa kunywa chai, yeye hunywa yake amesimama, mlangoni mwa banda.