Mashine ya Kilo Ilipojiwasha Yenyewe

Mashine ilijiwasha yenyewe saa nne ya asubuhi, mkono wa ndugu yangu ukiwa ndani.

Hakuna aliyeigusa. Watu watatu waliona.

Basi mtaa mzima hapa Mbunya, mjini Bunia, ukasema ni uchawi. Na mimi niliyejua ukweli, nikafunga mdomo.

Naitwa Dominique. Fabrice ni mdogo wangu, tumbo moja. Siye ni mafundi wa chuma, atelier yetu, karakana ya kazi, iko nyuma ya nyumba.

Tulinunua fraiseuse kuukuu kule Kilo, ile mashine ya kuchonga chuma. Wabeleji wa ukoloni waliiacha kwenye karakana ya mgodi. Ilikuja kwa lori, imejaa kutu, panya wamezaa ndani.

Miezi mitatu tuliihangaikia. Meza yake ilikuwa inacheza kama jino bovu, tukayeyusha shaba na kuitengenezea nati mpya. Moteri yake ya zamani haikukubali courant, umeme wa nyumbani, tukaweka ya mashine ya mbao, tukabadilisha puli na mkanda.

Siku ilipochonga jino la kwanza la gia, Fabrice alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu contacteur ikaungua.

Hiyo ni kifaa kidogo ndani ya boksi. Courant ikikatika, yenyewe inaachia. Courant ikirudi, mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze. Na hapa Bunia courant inakatika kila saa.

Fabrice alikuwa matangani kule Fataki. Kazi zilikuwa zinangoja. Nikaitoa contacteur, nikaunganisha waya moja kwa moja na swichi ya ukutani.

Aliporudi nilimwonyesha swichi. Kwamba boksi ni tupu, sikumwambia. Nilijisemea nitamwambia kesho.

Kesho haikufika.

Jumatatu ile shangazi yetu, tantine Kavira, alituletea chai. Mjane, hana mtoto, alikuwa anakaa chumba cha uani kwetu. Aliitazama mashine, akakunja uso.

"Hii chuma ya Wabeleji, siku moja itakula mutu."

Tukacheka.

Alikuwa hajatoka mlangoni courant ikakatika. Mashine ikasimama. Fabrice akaingiza mkono kutoa vipande vya chuma chini ya meno. Hakuzima swichi. Kwake yeye, contacteur ilikuwa inamlinda.

Courant ikarudi.

Ile sauti sitaieleza.

Hospitali walikata mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja.

Solange, mke wa Fabrice, alikuwa amesimama pale uani. Ni yeye aliyepiga kelele ya kwanza. "Yeye alisema! Alisema itakula mutu, na papo hapo ikajiwasha!"

Jioni yake familia ilikutana. Mchungaji akaitwa. Tantine Kavira aliwekwa katikati, kwenye kigoda.

"Dominique," aliniita, "weye ulikuwa pale. Waambie. Mimi nilifanya nini?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Sijui, tantine."

Walitupa nguo zake nje. Akaondoka na mfuko mmoja wa plastiki, akaenda kwa watu wa kanisa kule Komanda.

Juma lile lile niliweka contacteur mpya, kimya kimya.

Mashine haikujiwasha tena. Watu wakasema, munaona? Tangu mwanamke yule aende, imetulia.

Mwaka ukapita. Fabrice alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mimi kulala kulinishinda, chakula kikawa mchanga mdomoni.

Siku moja tukiwa wawili tu atelier, nikamwambia yote. Nilikuwa nimepiga magoti.

Aliendelea kufuta mafuta kwenye meza ya mashine.

"Najua, yaya, mukubwa wangu."

"Unajua nini?"

"Siku nilitoka hospitali nilifungua boksi. Nikakuta contacteur mupya inang'aa, nikajua siku ile boksi ilikuwa tupu."

Nikainuka kutoka magotini.

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Ningesema, wangekufukuza weye. Weye ndiye unalisha batoto yangu. Tantine hakuwa na mutu."

Alisema hivyo bila hasira. Tukatazamana. Hapo nikaelewa kwamba tantine tulimfukuza sisi wawili.

Tuliita wakubwa wa familia, tukasema kila kitu. Solange alitoka nje, akatapika. Kesho yake tukapanda pikipiki kwenda Komanda.

Tantine alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jikoni, anachambua maharagi. Amekonda. Watoto walikuwa wanacheza mbali naye.

Nilieleza waya. Nikaeleza boksi. Nikaeleza woga wangu. Fabrice akaeleza wake.

Nilingoja matusi. Nilitaka anitukane.

"Kumbe haikukuwa mimi?" aliuliza polepole.

"Hapana, tantine."

"Watu walisema mingi sana, nikaanza kuamini. Kila asubuhi ninaomba Mungu anisamehe juu ya mukono ya Fabrice." Akaelekeza kidevu kwa watoto. "Hata bale batoto, sibaongelesha. Ninaogopa kinywa yangu itabaumiza."

Tulimwomba arudi nasi Bunia. Alikataa, bado anaogopa kinywa chake.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna kosa lako ambalo mtu mwingine analibeba, nenda leo. Usidhani anajua kwamba hana hatia. Ukichelewa, utamkuta amekwisha kujihukumu mwenyewe, na ombi lako la msamaha halitakuwa na pa kuingilia.