Kuku wa Sabaha kwenye Ukuta wa Duka

Sabaha binti Shaibu alikuwa mtu wa kushukuru mpaka akuchoshe. Masika yakiosha picha alizochora ukutani kwake, majirani walimpa pole, naye akawajibu, "Namshukuru Mungu, nimepata ukuta mtupu." Wala hakuwa akijitia. Kuchora ndiyo ilikuwa raha yake. Alichota udongo mweupe bondeni, akatwanga ngeu nyekundu, akakoroga masizi ya chungu na utomvu wa mkorosho, kisha akachora kwa kidole.

Alizaliwa Nambilanje, akaolewa Ruangwa, na kazi hiyo alifundishwa na mama yake. Huko kwao, nyumba yenye mwali anayekaribia kutolewa ilipigwa ukanda mwekundu juu ya mlango, na ndani ya ukanda likatiwa doa moja jeupe kwa kila mwali. Mwanamke akipita na kuuona, hakuhitaji kutumiwa mtu wa kumwita. Ijumaa inayofuata alifika na unga wake, kuku wake na vigelegele vyake. Mwali aliyetoka bila watu ni aibu ambayo mama yake huzeeka nayo.

Mwaka 1951 Sabaha mwenyewe alikuwa na mwali. Zaina, bintiye wa pekee, alikuwa ndani akifundwa, na ilipangwa atolewe baada ya mavuno ya mtama. Basi mama mtu hakuwa na wazo jingine mchana wala usiku. Watu waje, tena wajae.

Ndipo akaja Mbaruku. Huyu alikuwa mtu wa Lindi, mwenye maneno mengi na kanzu safi. Alikuwa amefungua duka Nachingwea siku za mashamba ya karanga ya Wazungu, vibarua walipokuwa tele, na karanga zilipoanza kudorora akahamia Ruangwa na masanduku yake. Nachingwea aliona maduka yenye mabango ya bati, mwanamke amechorwa anacheka na sabuni mkononi. Bango kama hilo yeye hakulipata.

"Mama Zaina, nasikia una mkono mzuri," alisema. "Nichoree bidhaa zangu pale ukutani, mtu akipita asimame."

"Mimi sabuni sijawahi kuichora."

"Unachora nini?"

"Kuku."

"Basi chora kuku. Sabuni itie pembeni yake."

Wakakubaliana kwa doti ya khanga. Sabaha alichora siku mbili. Birika alilitoa vizuri, taa ya chemli ikatoka imepinda kidogo, lakini yule kuku na vifaranga vyake alikula nusu ya ukuta, amechorwa kila unyoya kwa mapenzi, mdomo wake umeuelekea mche wa sabuni kama anataka kuudonoa. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama, akaona juu ya mlango pamebaki patupu, kama mwanamke aliyetoka kwenda shughulini bila kujitanda. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ngeu. Akapiga ukanda, akatia madoa, na kwa kuwa mlango wa duka ni mpana, yakaenea saba. Akarudi nyumbani anaimba, khanga kwapani.

Mbaruku wa Lindi angejuaje? Aliona pambo, akafurahi.

Ijumaa asubuhi njia ya Matambarale ilijaa wanawake. Walikuja na vikapu vya unga, na kuku wa kufungwa miguu, na ngoma mbili, na mbele yao Bi Mwamina, kungwi mkubwa wa upande ule, ambaye miguu ilimuuma lakini wali saba kutolewa siku moja si jambo la kukosa. Vigelegele vilipigwa mpaka Mbaruku akatoka na kibandiko cha bei mkononi.

"Karibuni, mama zangu! Khanga zipo, sabuni ipo!"

"Wali wako wapi?" akauliza Bi Mwamina.

"Wali? Mchele nao upo, bibi."

Waliomcheka walikuwa wachache. Sabaha alikuja mbio baada ya kusikia ngoma, akainua macho, akauona ukanda wake na madoa yake saba. Bi Mwamina alimgeukia.

"Sabaha, umetuita kwenye furaha, tumekuta sabuni," alisema taratibu, na upole wake ndio uliouma. "Huo ukanda mwingine utakaopiga kwako, sisi tutajuaje kama si biashara?"

Wakageuka na kuku wao.

Mbaruku, kusema kweli, hakuwa na huzuni. Kabla ya kuondoka, baadhi ya wanawake walikuwa wamenunua. "Usiuguse," alimwomba Sabaha. "Ukanda huu unaita watu kuliko bati la Nachingwea. Nakuongeza doti nyingine."

Sabaha alimshukuru, maana alishukuru kila kitu, kisha akaenda kuchota udongo wa kukandikia. Akapanda juu ya sanduku mbele ya watu wote wa sokoni, akaufuta ukanda kwa kiganja, doa kwa doa, mpaka juu ya mlango pakabaki kahawia tupu. Kuku alimwacha. Kuku hakuwa amemdanganya mtu.

Mtama ukavunwa. Sabaha alikandika nyumba yake upya, akapiga ukanda mwekundu, na katikati akaweka doa moja. Ijumaa aliamka mapema, akafagia uwanja, akaufagia tena. Jua likapanda na njia ikiwa tupu. Ndani Zaina aliuliza, "Mama, wamefika?" naye akashika ufagio mara ya tatu.

Sauti ya kwanza ilikuwa kigelegele kimoja, cha kizee, kimekatikakatika kwa kupanda kilima. Nyuma yake zikaja ngoma. Wakaja wa Matambarale, wakaja wa Narung'ombe waliotembea tangu jana, uwanja ukajaa mpaka kuku wakakosa pa kufungiwa. Sabaha alilia waziwazi, hakujificha.

"Bibi, nilidhani hamtakuja."

"Aliyefuta mbele ya watu, tutaacha vipi kumwamini?" alisema Bi Mwamina. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa kipande cha sabuni, kipya, bado kina karatasi. "Hii ya mwali. Usiniulize. Nilikuwa napita tu pale kwa Mbaruku, nikasimama kumtazama yule kuku wako. Nimesimama, nimesimama, nikajikuta nimenunua."

Sabaha aliipokea kwa mikono miwili, anacheka na machozi yanamtoka. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Bi Mwamina, akawashukuru wote kwa majina mpaka wapiga ngoma wakalalamika. Na waliokuwepo wanasema hata yule kuku wa ukutani alishukuriwa.