Senje Dinah na Kuku Aliyepepesuka

Hapa Malinya kuku akiugua, wa kwanza kuitwa ni Dinah. Wakubwa kwa wadogo humwita Senje, yaani shangazi, hata wale ambao hana undugu nao wowote. Hakusomea popote. Miaka kumi iliyopita alisikia jirani akipiga kelele kwamba kideri, ugonjwa unaofagia kuku, kimeingia kijijini, akaingiwa na hofu, akachinja kuku wake wote ishirini na mmoja siku hiyo hiyo. Kumbe hakukuwa na kideri wala mjomba wake. Alilia kama aliyefiwa, na tangu hapo hamwamini mtu yeyote kuhusu kuku mpaka amshike kuku huyo kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi jirani yake Milcah alimkuta akipalilia mboga.

"Senje, kuja haraka! Kuku yangu nyeupe inaangukanga tu. Shingo imelegea. Hiyo ni kideri, mimi najua. Nimeweka maji kwa moto, nachinja zote kumi na nne kabla zikufe."

"Na wakwe wa Gentrix watakula nini Jumamosi? Mboga?"

Hapo ndipo palipomuuma Milcah. Watu wa Musanda walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na mkwe kuondoka bomani bila kuonja ingokho, yaani kuku, ni aibu ambayo ingesimuliwa mpaka Gentrix apate wajukuu.

"Epua hayo maji," Senje akasema, akijipangusa udongo mikononi.

Kuku mweupe alikuwa amelala ubavu karibu na jiko, bawa moja limetandazwa. Senje alimpakata. Pua kavu, hakuna kamasi. Kilemba chekundu kama kawaida. Akamgeuza akatazama kinyesi, si cha kijani. Akamwuliza Milcah kama kuku wote walipata matone ya chanjo mwezi ule, akajibiwa ndiyo. Kisha akapapasa mfuko wa chakula chini ya shingo, akaukuta umejaa na laini. Akamfungua mdomo, akanusa. Akanusa tena, maana hata yeye hakuamini.

"Mama Gentrix, kuku huyu amelewa."

"Shindwe! Kwa hii boma? Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani!"

"Sijasema wewe ndiwe umelewa."

Senje hakubishana. Alimwaga konzi moja ya mahindi uani na kusimama kando. Kuku kumi na wawili walikimbilia mahindi. Mmoja, mwekundu, aliyapita kama hakuyaona, akazunguka nyuma ya zizi la fahali. Wanawake wakamfuata. Huko nyuma palikuwa na beseni kubwa limefunikwa gunia, na gunia limevutwa pembeni. Ndani yake, machicha ya busaa, pombe ya kienyeji. Kuku mwekundu alikuwa tayari amezama beseni mpaka kifuani.

Andati, mume wa Milcah, akatokea zizini akiwa na nyasi mkononi.

"Senje, polepole," akasema kwa sauti ya chini. "Si yangu. Ni ya fahali. Anapigana Jumamosi alfajiri."

Mwenye fahali wa kupigana hamwambii mtu anachomlisha, hata mke wake, na Andati alikuwa ameshika desturi hiyo barabara. Milcah akamgeukia mumewe.

"Baba Gentrix, nilikuwa nachinja kuku kumi na nne juu ya pombe ya ng'ombe?"

Senje alicheka mpaka akashika ukuta wa zizi. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka kuku wake ishirini na mmoja. Akaagiza kuku mweupe awekwe kivulini na maji safi, na beseni lifunikwe kwa bati na jiwe. Saa tisa kuku alikuwa anafukua maua ya Milcah.

Jumamosi fahali wa Andati alimkimbia mpinzani wake kabla jua halijapanda, licha ya machicha yote aliyolishwa. Lakini mchana wageni walikula kuku wakashiba. Senje alikuwa jikoni akipakua ugali aliposikia anaitwa sebuleni. Andati alikuwa amesimama na kisahani, na juu yake firigisi, kipande ambacho ni cha mwenye boma au mgeni mkubwa.

"Hii ni ya huyu mama," akawaambia wakwe. "Bila yeye mngekula mboga."

Wazee wawili wa Musanda wakatazamana. Senje akakitazama kile kisahani. Mama yake alifuga kuku maisha yake yote, akawachinja, akawapika, akawapelekea wanaume mezani, na akazikwa hajaonja hata ncha ya bawa, kwa sababu enzi zake mwanamke hakula kuku.

Akavuta kiti, akaketi katikati ya wanaume. Akaomba kisu, akaikata firigisi vipande viwili, akamwita Milcah kutoka jikoni ampe cha pili. Chake akakitafuna taratibu, wazee wa Musanda wakimtazama, mpaka akameza.