Kimondo na Mwanambio

Fundi saa na fundi viatu walikuwa na kibanda kimoja chini ya ngazi za jengo la ofisi, meza zao zikitazamana. Watu wazima wenye mvi, na wote walisoma majarida ya katuni bila kuona haya. Fundi saa alikuwa shabiki wa Kimondo, shujaa anayekimbia mpaka saa za mji mzima zinasimama. Fundi viatu alikuwa wa Mwanambio, wa kampuni pinzani, ambaye naye hukimbia asionekane, ila kila kisa humalizika soli zimeungua, akarudi kwake peku.

Nani kamwiga nani, nani angemwacha mwenzake mbioni: ndiyo yaliyokuwa maongezi yao, mwaka nenda mwaka rudi. Sharti lilikuwa moja, hakuna kugusa jarida la mwenzako. Kila mmoja alimjua shujaa wa mwenziwe kwa kusimuliwa tu, na kwa kumdharau.

"Shujaa gani huyo wa kuongozana na fundi viatu?" fundi saa alikuwa akiuliza.

"Wako akisimamisha saa, wewe ndiye unayepata kazi," mwenzake alimjibu. "Ushabiki wako wa tumbo, mzee."

Kisha macho ya fundi viatu yakaingia ukungu, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye mji mwingine. Aliacha kigoda, nyundo, na boksi la majarida ambayo hakuweza tena kuyasoma. Kila Jumapili alipiga simu, wakabishana mpaka binti akamnyang'anya simu. Siku zilizobaki za wiki fundi saa, mjane asiye na mtoto, hakuongea ila bei za betri. Jioni alifunga kibanda, akaenda chumbani kwake, akasikiliza saa za watu zikitembea ndani ya mkoba.

Ili ajinoe kwa ubishi, siku moja akavunja sharti, akafungua boksi. Alitafuta udhaifu wa Mwanambio. Akakuta mtu anayetembea peke yake usiku baada ya kuokoa mji, nyayo zina malengelenge, hakuna anayemfungulia mlango. Kimondo hakuwahi kuchoka hata siku moja. Fundi saa alifunga jarida, akakaa nalo magotini.

Jumapili akasema, akidhani anatoa zawadi, "Nimesoma ya kwako. Umenishinda. Wako ndiye shujaa."



"Haya," fundi viatu akasema. "Basi yamekwisha."

Na kweli yakaisha. Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala iliyofuata hiyo. Hapo fundi saa akaelewa alichokitoa: hakikuwa ushindi, kilikuwa kamba waliyokuwa wakivutana.

Akapiga mwenyewe. Binti akapokea, akasema baba hataki simu siku hizi, anashinda ameelekea ukutani.

"Mwambie nimefuta kauli, mwanangu. Mwambie mkimbiaji asiyejua kuchagua viatu si shujaa, ni mzembe."

Alimsikia binti akiyarudia maneno hayo chumbani. Kisha kikohozi anachokijua, na sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kazi:

"Muulize huyo msaliti, kimondo si moto? Mvua ikinyesha, huyo wake anakimbilia wapi?"

Fundi saa alivuta kile kigoda kitupu, akakikalia, akaanza kujibu.