Kitanda Alichokikataa Mbwa Wetu

Nakumbuka asubuhi moja mama yangu alivyopiga magoti kwenye saruji ya baraza yetu, hapahapa Gisenyi, akimbembeleza mbwa asimame, na mbwa hakusimama. Mwanangu, jana ulinionyesha kwenye simu kitanda unachotaka kumnunulia kile kimbwa chako, chenye ukingo laini na rangi ya waridi. Sikutaka kukukatiza, maana ulikuwa na furaha. Leo keti kidogo na babu yako.

Nilikuwa kijana, fundi seremala mchanga, kichwa kimevimba kwa sifa. Mbwa wetu aliitwa Simba. Alikuwa wa marehemu baba, na tangu tumzike baba, mama alizungumza na yule mbwa kuliko alivyozungumza nami. Simba alikuwa amezeeka, miguu ya nyuma imekakamaa, na baridi yetu unaijua inavyoshuka kutoka milimani. Mama akaniomba nimtandikie gunia tu. Mimi nikaona gunia ni aibu kwa nyumba yenye fundi.

Basi nikakiunda kitanda, mwanangu! Mbao za mkaratusi nilizipiga randa, nikazipiga msasa mpaka zikateleza. Nikaweka chaga, nikachonga matendegu, nikazungushia ukingo ulioinuka pande zote, nikapaka vanishi mara tatu. Vipimo nilivichukua Simba akiwa amejikunja juani, nikaona yatosha. Na unajua nilikiweka wapi? Barazani mbele, ili waendao sokoni wakione. Wakasimama kweli, wakanisifu.

Simba alikinusa, akapiga chafya, akaenda kulala kwenye saruji. Nikambeba, nikamweka ndani. Akashuka. Nikamrudisha, nikamwita mbwa asiye na shukrani. Mara ya tatu alipouruka ule ukingo aliangukia miguu yake mibovu, akalia. Mama alisikia. Kesho yake ndiyo asubuhi ile niliyokwambia.

Niliogopa sana. Yule mbwa akifa, nitakuwa nimemnyang'anya mama kitu cha mwisho alichoachiwa na mumewe.

Siku hiyohiyo shangazi, dada yake baba, alishuka kutoka Mudende na gunia la viazi. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, ndiko alikokulia. Alikizunguka kitanda, akapitisha kidole kwenye vanishi, akasifu mikono yangu. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mbele ya kumutengenezea kitanda, uliangalia kwanza fasi yenye analalaka?"

Yaani mahali anapolala. Sikuwa nimeangalia. Akanieleza kwamba kwake ndama mgeni huachwa achague mwenyewe kona ya zizi, na asubuhi mtu huenda kutazama alipolala, ndipo anapomtandikia nyasi palepale. Ukimtandikia mahali pengine, alisema, umejitandikia mwenyewe.

Tukamuuliza mama, naye alijua siku zote: Simba hupenda nyuma, ukutani kwa jiko, panapobaki joto la mkaa. Shangazi akamwaga viazi sakafuni, tukalijaza gunia nyasi kavu, tukalilaza pale bila ukingo wala matendegu. Akanifundisha kumpima mbwa akiwa amejinyoosha, kwa sababu mzee mwenye maumivu hawezi kujikunja usiku kucha. Tukambeba katika blanketi. Mama alishinda naye, akimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Siku ya tatu Simba akasimama, akatikisa mkia, na mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Kitanda changu kiliishia kuanikiwa maharage.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, mwanangu, weka simu chini kwanza. Mtazame mbwa wako siku mbili tatu, anafuata jua au kivuli, anakaa peke yake au miguuni pako. Angali mtoto, atatafuna na kukojoa, kwa hiyo tafuta kitambaa kinachofulika na nafasi ya kukua. Rangi ya waridi mwachie mwenye duka.

Na sasa nikutolee siri. Kile kitanda alichonitumia baba yako kutoka Kigali ni kizuri mno, lakini kiko juu, miguu yangu haifiki chini. Mwezi mzima nalala kwenye kochi. Sikumwambia, kwa kuwa niliisikia sauti yake kwenye simu, ana furaha ileile niliyokuwa nayo mimi na vanishi yangu. Leo asubuhi uliliona blanketi kwenye kochi, ukaniuliza, "Babu, kumbe unalala wapi?" Ni wewe wa kwanza kuuliza, na nilitaka kulia.

Mungu akutunzie hilo jicho, mjukuu wangu, na siku utakapozeeka akupe mtu wa kukuuliza hivyo. Haya, niletee msumeno, uje unishikie matendegu tuyapunguze.